MAJANI, MIZIZI NA UGONJWA WA SS
Somo la kikundi cha masomo, kwa wanafunzi wote



Safari hii tumechagua somo linalogusa jamaa nyingi za inchi yetu: ugonjwa wa damu unaoitwa drepanositozi, ambao watu wengi wanauita tu "SS". Tulilichagua juu ya ulizo moja linalorudi kila mara katika kikundi chetu. Wengine wanauliza: kama majani na mizizi ya pori inaponyesha SS, sababu gani tunapoteza feza hospitali? Wengine wanajibu kwa sauti kubwa: dawa ya kienyeji ni uongo mtupu, ni giza ya wazee. Sisi wafinalisti wa seksio ya biolojia na kemia tunaona kwamba wote wawili wanajibu haraka mno. Basi tusome polepole, tutenge yale yanayojulikana na yale yanayosemwa tu. Kisha kila mmoja apeleke maarifa haya nyumbani wakati wa konje, maana huko ndiko mtoto mgonjwa anakolala.

1. UGONJWA HUU NI NINI?

Ndani ya damu yetu mna chembe nyekundu. Chembe ya mtu mwenye afya ni mviringo na laini, inapita hata katika mishipa myembamba sana. Ndani yake mna hemoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni toka mapafu na kuipeleka katika viungo vyote.

Mgonjwa wa SS ana hemoglobini ya namna ingine, inayoitwa hemoglobini S. Ikiisha kuachilia oksijeni yake, vipande vyake vinashikana kimoja na kingine, vinakuwa nyuzi ndefu na ngumu. Nyuzi hizo zinasukuma chembe toka ndani, inapoteza mviringo wake, inajipinda kama mundu. Kwa Kigiriki mundu ni drepanon, ndipo jina la ugonjwa lilitoka.

Matokeo ni mawili. La kwanza, chembe iliyojipinda inavunjika mbio. Chembe ya mtu wa afya inaishi karibu siku 120, lakini ya mgonjwa wa SS inaishi siku 10 mpaka 20 tu. Ndiyo maana damu inapunguka na macho yanakuwa manjano. La pili, chembe hizo ngumu zinafunga mishipa midogo. Mahali damu haipiti, mtu anasikia maumivu makali ya mifupa, kifua ao tumbo. Hiyo ndiyo krizi. Kwa mtoto mchanga mara nyingi inaanza na kuvimba mikono na miguu. Tena mgonjwa anashikwa upesi na maambukizo, na mara ingine mshipa wa ubongo unaziba, anapooza upande mmoja.

Munganga wa kwanza kuandika habari ya chembe za mundu ni James Herrick wa Chicago, mwaka wa 1910. Alimtunza kijana mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Katika 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini yenyewe ndiyo iliyo tofauti. Katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, huko Uingereza, alipata tofauti ile ni nini: mnyororo mmoja wa hemoglobini una asidi-amini 146, na katika nafasi ya 6 valini imeketi mahali pa asidi glutamiki. Ni moja tu katika 146! Ni kama herufi moja iliyobadilika katika barua ndefu, na maana ya barua yote inageuka.

2. UNATOKA WAPI?

Hatuupati kwa mate, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Tunazaliwa nao. Kila mtu anapokea alama moja toka kwa baba na moja toka kwa mama. Mwenye AA hana alama ya ugonjwa. Mwenye AS anaibeba lakini haugui. Anaweza kucheza mpira, kuzaa na kuzeeka bila kujua. Mwenye SS ameipokea pande zote mbili.

Tufanye hesabu. Baba AS na mama AS: kwa kila mimba, nafasi 1 katika 4 mtoto atakuwa AA, nafasi 2 katika 4 atakuwa AS, nafasi 1 katika 4 atakuwa SS. Tuangalie neno "kila mimba". Watu wengine wanafikiri kwamba wakiisha kuzaa mtoto mmoja wa SS, wale 3 wanaofuata watakuwa wazima. Si hivyo. Hesabu inaanza upya kila mara. Jamaa moja inaweza kupata watoto 3 wa SS kwa kufuatana, na jirani yao, AS vilevile, asipate hata mmoja.

Basi hapa tuseme wazi: haiko uchawi. Mama hakumla mtoto. Bibi wa kijijini hakutuma kitu usiku. Baba na mama wamechangia sawasawa, na hakuna mmoja wao aliyetenda zambi kwa jambo hilo. Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, waliuliza nani aliyekosa, yeye ao wazazi wake. Katika Yoane sura ya 9 tunasoma kwamba Bwana alikataa majibu yote mawili. Ni aibu kuona wanawake wanafukuzwa katika ndoa zao juu ya ulizo ambalo Bwana alikwisha kulijibu.

Katika Kinshasa, Profesa Léon Tshilolo na wenzake walipima damu ya watoto wachanga 31.204, wakachapisha hesabu katika 2009: karibu 17 katika 100 walikuwa AS, na 1,4 katika 100 walikuwa SS. Darasa la wanafunzi 40 lenye hesabu kama hiyo lingekuwa na 6 ao 7 wenye AS. Sababu ya wingi huo ni malaria. Munganga Anthony Allison alionyesha katika 1954 kwamba mwenye AS anakingwa na malaria kali. Kwa hiyo, mahali penye mbu wengi, alama hii haikutoweka. Lakini mwenye SS hana kinga hiyo. Malaria inamwua mbio.

3. MIMEA: NI NINI KILICHOPATIKANA?

Sasa tufike kwa majani. Wale wanaosema dawa ya kienyeji ni uongo mtupu wasome sehemu hii vizuri.

Inchini Nigeria kuna mti mdogo wenye miiba uitwao Fagara. Watu wanatafuna mizizi yake kwa kusafisha meno. Katika 1971 Sofowora na Isaacs waliandika kwamba maji ya mizizi hiyo, yakichanganywa na damu ya SS, yanarudisha chembe za mundu katika umbo la mviringo. Baadaye Ekeke, mtaalamu wa Nigeria, alichunguza mbegu za mbaazi, zile tunazopika. Katika 1990 yeye na Shode walitaja fenilalanini, asidi-amini moja iliyo ndani ya mbaazi, kuwa ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Katika inchi yetu kazi kubwa ilifanywa na wakemia wa Univasite ya Kinshasa, Profesa Pius Mpiana na wenzake. Tangu 2007 walichapisha majaribio juu ya mimea mingi ambayo waganga wa kienyeji waliwaonyesha. Kati yake tunataja Hymenocardia acida, mti mdogo wa pori wenye matunda ya mabawa mawili, Morinda lucida, Alchornea cordifolia, tena Ocimum basilicum, jamaa ya mrehani. Waliona kwamba sehemu kubwa ya nguvu iko katika antosianini, ile rangi nyekundu na zambarau inayopatikana katika majani na maua mengi. Kisha walitengeneza mchanganyiko wa mimea, wakauita Drepanoalpha, wakaupima kwa wanyama wa labo.

Namna gani wanapima? Njia inaitwa jaribio la Emmel. Wanachukua tone la damu ya mgonjwa wa SS. Wanaongeza maji yenye metabisulfiti ya sodiamu, ambayo inaondoa oksijeni. Wanafunika kwa kioo chembamba, wanatazama katika mikroskopi: chembe zinajipinda, zote kama mundu. Kisha wanafanya vilevile na tone lingine, lakini sasa wanatia maji ya majani. Kama chembe nyingi zinabaki mviringo, jani lile lina nguvu. Hiyo haiko hadisi ya wazee. Mtu yeyote mwenye labo nzuri anaweza kurudilia jaribio hilo na kuona kwa macho yake.

4. TOKA KIOO MPAKA MWILI NI SAFARI NDEFU

Lakini hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanasikia "imeponyesha chembe", wanaelewa "imeponyesha mtoto". Si neno moja. Kuna sababu 5.

a) Kioo kina tone moja, mwili una damu nyingi. Mtu mzima ana karibu litri 5 za damu. Kitu kilicho na nguvu katika tone moja labda kingetaka ndoo ya majani kwa siku kwa kufika kiasi kile ndani ya mwili.

b) Dawa ya kunywa inapita tumboni na katika maini. Huko inaweza kugeuzwa ao kuvunjwa kabla ya kufika katika damu.

c) Jani lenye nguvu linaweza kuwa sumu. Katika Burkina Faso kuna dawa FACA iliyopata ruhusa ya kuuzwa. Inatengenezwa kwa Fagara na mmea Calotropis procera. Lakini maziwa ya Calotropis yana sumu inayogusa moyo. Fundi anayejua kipimo anafanya dawa. Mtu anayechemsha bila kipimo anaweza kuua.

d) Jani la leo si jani la kesho. Nguvu yake inageuka kwa kufuata udongo, mvua, umri wa mti na namna ya kukausha.

e) Krizi inakuja na kuondoka yenyewe. Sababu hii ndiyo inayodanganya watu wengi sana. Mtoto analia siku 4, siku ya 5 wanampa majani, siku ya 6 anatulia. Jamaa yote inasema: ni majani! Labda ni majani, labda krizi ilikuwa imefika mwisho wake. Mtu mmoja hawezi kutuonyesha ni ipi. Lazima kulinganisha wagonjwa wengi, wengine na dawa, wengine na kitu kinachofanana nayo lakini bila nguvu, na mgonjwa mwenyewe asijue amepewa gani.

Kuna watu waliofanya kazi hiyo vizuri. Munganga wa kienyeji wa Wayoruba, Mchungaji Ogunyale, alikuwa na dawa ya SS. Katika miaka ya 1990 Chuo cha utafiti wa dawa cha Abuja kilifanya naye mapatano, ili asinyanganywe haki yake. Dawa ile ilikuwa ya mimea 4: mbegu za pilipili ya pori, shina la Pterocarpus osun, karafuu na majani ya mtama. Ikaitwa Niprisan. Walijaribu kwa wagonjwa 82, kila mmoja akipata dawa sehemu moja ya mwaka na kitu bila nguvu sehemu ingine. Katika 2001 walichapisha kwamba maumivu makali yalipunguka. Katika 2006 ilianza kuuzwa Nigeria kwa jina la Nicosan. Lakini katika 2008 kampani ya Marekani iliyokuwa na haki ya kuitengeneza ilifilisika, na dawa ikakosekana. Tunajifunza mambo mawili: maarifa ya wazee yanaweza kupita mtihani wa kweli, tena, mtihani peke yake hautoshi kama hakuna kiwanda cha kutengeneza dawa.

Tusifikiri kwamba ukali huu ni wa majani peke yake. Katika 2019 Marekani iliruhusu kidonge kinachoitwa Oxbryta. Kilitengenezwa na wakemia, tena kazi yake ilikuwa ile ile tunayoitafuta katika majani: kuzuia hemoglobini S isishikane. Kilipandisha hemoglobini ya wagonjwa, watu wakafurahi. Lakini katika Septemba 2024 kampani yake ilikiondoa dunia nzima, kwa sababu hesabu za majaribio mengine zilionyesha krizi na vifo kati ya wagonjwa waliokitumia. Basi kama kidonge cha kampani kubwa kinapimwa na kukataliwa, chupa ya sokoni isiyo na jina wala kipimo, sababu gani tuiamini bila kuipima?

Mfano mzuri uko karibu nasi: kinkina. Watu wa milima ya Amerika ya Kusini walijua ganda yake. Baadaye ikapandwa Kivu pia. Zamani watu walikunywa unga wa ganda, wengine wakapona homa, wengine hapana, maana ganda moja ilikuwa kali na ingine zaifu. Katika 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kinini yenyewe. Tangu siku ile munganga aliweza kupima miligramu. Mti haukuzarauliwa, uliheshimiwa zaidi, kwa sababu ulipimwa.

5. NI NINI KINACHOSAIDIA MTOTO LEO?

Wakati wakemia wanaendelea, mtoto haweza kungoja. Haya yanajulikana kwamba yanasaidia:

– Kupimwa damu mapema. Miezi ya kwanza mtoto wa SS anaonekana mzima, sababu bado ana hemoglobini F ya tumboni mwa mama, ambayo haijipindi.

– Penisilini kila siku kwa watoto wadogo, pamoja na chanjo zote. Jaribio la Marekani la 1986 lilionyesha kwamba maambukizo makali ya pnemokoko yalipunguka kwa 84 katika 100.

– Chandarua chenye dawa kila usiku, na matunzo ya haraka kwa kila homa. Mtoto wa SS mwenye homa haendi kulala kwanza, anaenda hospitali.

– Maji mengi ya kunywa, nguo za joto wakati wa baridi, kupumzika akichoka.

– Asidi foliki, kwa kusaidia mwili kutengeneza chembe mpya. Maharagi, lengalenga na sombe iliyopikwa vizuri vinasaidia pia. Lakini dawa ya chuma asipewe bila munganga kuagiza.

– Kidonge cha idroksiure, kinachoamsha tena hemoglobini F. Kilijaribiwa kwa watoto 606 katika Kinshasa, Luanda, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda, na matokeo yakatoka katika 2019. Kabla ya kidonge, kwa kila watoto 100 waliofuatwa mwaka mmoja, 3,6 walikufa; walipokimeza, 1,1. Maumivu, malaria na kuongezewa damu vilipunguka vilevile. Kidonge hiki hakiondoi ugonjwa, tena lazima damu ipimwe mara kwa mara.

Katika 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu matunzo mapya yanayogeuza alama katika chembe za mgonjwa zilizotolewa nje ya mwili, kisha kurudishwa. Ni jambo la ajabu, lakini bei yake ni gali sana, haiko ya watu wetu kwa sasa.

6. TUFANYE NINI SISI WANAFUNZI?

Kwanza, tusicheke wenzetu. Mwanafunzi wa SS anaweza kuwa mwembamba na macho ya manjano, anaweza kukosa darasa juma zima. Hakuna anayependa krizi. Tumwandikie masomo aliyokosa, tumchotee maji, tusimlazimishe mbio za asubuhi.

Pili, nyumbani tusiseme na wazazi wetu kwa kiburi cha shule. Ukimwambia bibi "dawa yako ni ujinga", atakunyamazia, halafu atampa mtoto usiku bila wewe kujua. Afazali kusema: "Bibi, tafazali, munganga wa hospitali ajue mnampa nini." Tumwombe mambo 3 tu: asipige mtoto lavema wakati wa krizi, kwa maana inamaliza maji ya mwili, asimchanje na wembe, asimsimamishe dawa za hospitali. Vilevile katika maombi. Hezekia aliomba, na nabii Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Hakuona vita kati ya maombi na dawa.

Tatu, kila mmoja ajue damu yake kabla ya kuchumbia. Kupima kunafanywa kwa labo yenye elektroforezi, mara moja tu katika maisha. Kujua kwamba wewe ni AS si aibu. Aibu ni kukataa kujua, kisha kumlaumu mke.

Ine, kati yetu wako wale watakaosoma kemia, famasi ao udaktari. Miti iko hapa kwetu, wagonjwa wako hapa kwetu, na wazee wenye kujua majina ya miti wanazidi kuzeeka. Kazi hii inatungojea. Tuandike majina ya miti tangu sasa, pamoja na sehemu inayotumiwa na namna ya kutengeneza, kabla maarifa hayajafukiwa kaburini. Lakini kuandika dawa si kumnywesha mtoto.

MAULIZO YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Baba ni AS, mama ni AA. Je, wanaweza kuzaa mtoto wa SS? Onyesha kwa hesabu.
2. Baba ni SS, mama ni AS. Kwa kila mimba, nafasi ya SS ni ngapi?
3. Eleza jaribio la Emmel kwa maneno yako mwenyewe.
4. Mfanyabiashara wa sokoni anasema: "Dawa yangu iliponyesha watoto 3." Mwulize maulizo 3 kabla ya kumwamini.
5. Sababu gani mtoto wa SS haonekani mgonjwa katika miezi ya kwanza?

Majibu yaletwe kwa kikundi cha masomo kabla ya egzame. Tutayasahihisha pamoja.

Kwa kikundi cha masomo,
Mkuu wa wanafunzi, darasa la mwisho